Jinsi ya kujaribu pishi la kitabuni katika jiko la nyumbani

Kila pishi la kitabuni limepikwa kwanza jikoni mwa mtu mwingine. Mwandishi alikuwa na moto wake, sufuria zake, unga wa duka la kwao, mayai ya kuku wa kwao, na hata maji yaliyochemka kwa joto la mahali alipoishi. Mambo hayo yote yamo ndani ya pishi ijapokuwa hayakutajwa. Mpishi wa nyumbani hulifuata neno kwa neno akiwa Tanga, Arusha au Nairobi, kisha keki inazama katikati au wali unatoka bokoboko, naye hujilaumu mwenyewe au hukilaumu kitabu. Kwa muda wote niliojaribu mapishi ya vitabu nimeona kwamba mara nyingi kitabu hakikukosea wala mpishi hakukosea, ila pishi halikuhamishwa vizuri kutoka jiko lile kuja jiko hili.

Kanuni ninayoishika ni hii: mara ya kwanza pika kama kitabu kinavyosema, ukigeuza vipimo na moto tu ili vilingane na vyombo vyako, bila kubadilisha chakula chenyewe. Kuanzia mara ya pili una ruhusa ya kubadilisha, lakini ubadilishe jambo moja tu kila unapopika. Anayepunguza sukari, akaweka majarini mahali pa siagi ya maziwa, na akatumia chombo kikubwa zaidi siku hiyohiyo, hawezi kujua ni lipi kati ya hayo matatu lililoikausha keki yake.

Soma kabla ya kuwasha moto

Lisome pishi mara mbili. Katika usomaji wa kwanza tafuta muda uliojificha, kwa maana vitabu vingi huandika juu kabisa kwamba chakula ni cha dakika 45, ilhali katika hatua ya tatu kuna maneno "acha nyama ilale na viungo usiku kucha" au "dengu ziwe zimelowekwa". Katika usomaji wa pili simama jikoni na utoe kila kitu kinachotajwa, ukipange mezani, kwa sababu kukumbuka kwamba huna iliki wakati vitunguu vimekwisha kuiva ni kuharibu kazi iliyokwisha kufanyika.

Angalia pia mpangilio wa maneno. "Kikombe kimoja cha karanga zilizosagwa" si sawa na "kikombe kimoja cha karanga, zisagwe". Katika maneno ya kwanza unasaga kisha unapima, na katika ya pili unapima kisha unasaga, na uzito unaopatikana haulingani. Anayesoma kitabu cha Kiingereza ana mtego mwingine mahali ambapo Kiswahili kinatusaidia sana: sisi tuna mpunga, mchele na wali, lakini vitabu vya Kiingereza mara nyingi hutumia neno moja tu, "rice", kwa vyote vitatu. Pishi likitaka vikombe viwili vya nafaka hiyo, soma hatua zote hadi mwisho ujue kama ni vikombe viwili vya mchele au vya wali, kwa kuwa kikombe kimoja cha mchele hutoa karibu vikombe vitatu vya wali.

Majina ya viungo nayo yahakikishwe kwa pua. Kitabu kimoja kitaandika binzari nyembamba, kingine uzile, kingine jira, na vyote ni kitu kimoja. Majani ambayo kitabu cha Pwani kinayaita kotmiri, cha Nairobi kitayaita dania. Neno "bizari" peke yake ndilo la kuogopwa zaidi, maana kwa mwandishi mmoja ni manjano na kwa mwingine ni mchanganyiko wa viungo vya mchuzi. Ukiona bizari imetajwa bila maelezo, tazama rangi ya chakula katika picha, na tazama kama manjano yametajwa mahali pengine katika pishi hilohilo.

Vipimo

Hapa ndipo mapishi mengi yanapoharibika, na hapa ndipo nitakapokaa kwa muda.

Vitabu vya Marekani hupima kwa vikombe na vijiko. Mtindo huo ulipata nguvu baada ya Fannie Farmer, mkuu wa shule ya upishi ya Boston, kusisitiza mwaka 1896 kwamba kikombe kijazwe na kusawazishwa juu kwa kisu, kisiwe na mlima. Kikombe hicho ni cha mililita 240 hivi. Cha Australia ni mililita 250. Kijiko cha chai ni mililita 5 na kijiko kikubwa ni 15, isipokuwa Australia, ambako kijiko kikubwa ni mililita 20. Painti ya Uingereza ni mililita 568, na ya Marekani ni 473. Kwa hiyo, kabla ya kupima chochote, fungua kurasa za mwanzo uone kitabu kilichapishwa wapi.

Kikombe cha chai cha nyumbani si kipimo. Kimoja cha kwangu huchukua mililita 180 tu, nami nilikitumia kwa miezi mingi nikidhani kinatosha. Asiye na vikombe vya kupimia atengeneze chake: aweke kikombe juu ya mizani, airudishe mizani kwenye sifuri, amimine maji mpaka isome gramu 240, kisha atie alama ya rangi pale maji yalipofika. Mililita 240 za maji zina uzito wa gramu 240, na hesabu imekwisha.

Mizani ndogo ya jikoni, hata hivyo, ni bora kuliko vikombe vyote. Chota unga wa ngano kwa kuzamisha kikombe ndani ya mfuko, ukandamize kidogo kwenye ukuta wa mfuko, kisha uupime: utapata karibu gramu 150. Chukua kikombe kilekile, ukijaze kwa kijiko polepole huku unga ukianguka wenyewe, usawazishe kwa kisu, upime tena: utapata karibu gramu 120. Kikombe ni kimoja na unga ni mmoja, lakini tofauti ni gramu 30, na katika mkate wa vikombe vinne tofauti hiyo inafika gramu 120, yaani kikombe kizima cha ziada. Kitabu kisipotoa gramu, mimi huhesabu kikombe cha unga kuwa gramu 125 na kikombe cha sukari kuwa gramu 200. Siagi ya Marekani hutajwa kwa vipande vya kiwandani, na kila kipande ni gramu 113. Aunsi moja ni gramu 28 na ratili moja ni gramu 454.

Mayai yanahitaji uangalifu kwetu kuliko kwa waandishi wengi. Kitabu cha Marekani kinaposema "mayai makubwa", kinamaanisha yai ambalo ndani yake, ganda likiondolewa, kuna karibu gramu 50. Yai la kuku wa kienyeji hufika gramu 40 pamoja na ganda lake, na mengine hayafiki. Keki ya mayai matatu ikipikwa kwa mayai matatu ya kienyeji hukosa karibu theluthi moja ya uzito wote wa mayai uliokusudiwa, nayo hutoka nzito na kavu. Vunja mayai bakulini, yapime, uongeze mpaka ufikie gramu 150.

Chumvi nayo ina hila. Vitabu vingi vya Marekani hutumia chumvi ya chenga kubwa, ambayo kijiko chake cha chai kinaweza kuwa gramu 3 tu, wakati kijiko kilekile cha chumvi laini ya mezani ni karibu gramu 6. Ukiona kitabu kinataja chumvi ya chenga, anza na nusu ya kipimo, kisha uonje.

Nioneshe kazi hiyo kwa mfano mmoja, keki ya limau kutoka kitabu cha Marekani. Kitabu kinataka vikombe 1½ vya unga, kikombe ¾ cha sukari, kipande kimoja cha siagi, mayai makubwa mawili, kikombe ½ cha maziwa, vijiko viwili vya chai vya beking pauda, chombo cha duara cha inchi 8, na oveni ya nyuzi 350 za Farenhaiti kwa dakika 35. Kabla ya kugusa unga niliandika kwa penseli pembeni: unga gramu 190, sukari gramu 150, siagi gramu 113, mayai gramu 100 bila ganda, maziwa mililita 120, chombo cha sentimita 20, nyuzi 175 hadi 180 za Selsiasi. Kazi hiyo ilichukua dakika kumi, na sikulazimika kuirudia kamwe.

Ukubwa wa chombo usipuuzwe. Chombo cha sentimita 25 kinaonekana kuwa kikubwa kidogo tu kuliko cha sentimita 20, lakini eneo lake la chini linazidi kwa zaidi ya nusu. Unga wa keki uliokusudiwa chombo kidogo utatandaa humo ukawa mwembamba, ukaiva mapema na ukakauka. Kama huna chombo kinachotakiwa, zidisha vipimo vyote mara moja na nusu, au pika kwa muda mfupi zaidi ukikubali keki fupi.

Moto

Namba iliyo kwenye kitufe cha oveni si ushahidi wa joto la ndani. Kwa asiye na kipimajoto, sukari ya kawaida hutosha, kwa sababu huyeyuka karibu na nyuzi 186. Weka kijiko kimoja cha sukari juu ya karatasi ya foili, ukiingize katika oveni iliyopashwa hadi 175, ukiache dakika 15: haitakiwi kuyeyuka. Weka sukari nyingine, pandisha oveni hadi 190 na usubiri dakika nyingine 15: sasa inatakiwa iyeyuke. Ikiyeyuka katika jaribio la kwanza, oveni yako ni kali kuliko inavyosema. Isipoyeyuka katika la pili, ni baridi. Oveni yenye feni ipunguzwe nyuzi 20 kutoka kipimo cha kitabu, isipokuwa kitabu chenyewe kimesema kinatumia feni.

Wengi wetu huoka kwa mkaa, na mkaa unaoka vizuri sana ukieleweka. Tandaza mchanga mkavu au vijiwe ndani ya sufuria kubwa, chini kabisa, funika, pasha kwa robo saa, kisha weka chombo cha keki juu yake. Moto wa chini uwe mdogo, mkaa mwingi zaidi upaliwe juu ya mfuniko. Mimi huacha theluthi moja chini na theluthi mbili juu. Keki ikiungua chini huku juu ni nyeupe, moto wa chini ndio wa kupunguza, hata kama kishawishi ni kuongeza muda.

Kisha kuna mwinuko wa mahali. Nilijifunza kuoka Tanga, penye usawa wa bahari. Nilipohamia Arusha, karibu mita 1,400 juu, keki ileile ya limau ilipanda kwa haraka ya ajabu, ikapita ukingo wa chombo, kisha ikazama katikati kama bakuli. Kanieneo ya hewa huko juu ni ndogo, hivyo mapovu ya gesi hutanuka zaidi kabla unga haujakaza, na yakipasuka hakuna cha kuyashikilia. Anayeoka Arusha, Nairobi au mahali pengine pa mwinuko wa namna hiyo apunguze beking pauda kwa robo, aongeze vijiko viwili vikubwa vya maji au maziwa kwa kila kikombe cha kioevu kilichoandikwa, na apandishe oveni kwa nyuzi 10 hivi. Mambo hayo ni sehemu ya kuhamisha jiko, hayahesabiki kuwa mabadiliko ya chakula. Mwinuko huo unaeleza pia kwa nini maharage huchelewa: maji ya Arusha huchemka karibu na nyuzi 95 na ya Nairobi karibu na 94, kwa hiyo muda ulioandikwa na mtu wa Pwani hautoshi.

Kitu kinapokosekana

Kubadilisha kiungo kwa kukosa si dhambi, ila ubadilishe kwa kujua kile kiungo kilikuwa kinafanya kazi gani. Maziwa ya uchachu yanayotakiwa na mapishi mengi ya keki na kuku wa kukaanga yapo kwetu tayari: mtindi uliolegezwa kwa maji kidogo huyafaa kabisa, na ukikosa, kamulia kijiko kikubwa kimoja cha ndimu katika kikombe cha maziwa na uache dakika kumi. Vitabu vya Uingereza hupenda unga unaouzwa ukiwa umekwisha kutiwa dawa ya kuumua. Utengeneze kwa vijiko viwili vya chai vya beking pauda katika kila gramu 150 za unga wa ngano wa kawaida. Sukari yetu ina chenga nene kuliko ile ya keki za Ulaya, basi isage kidogo kwenye blenda.

Yapo mabadiliko ambayo siyakubali. Magadi soda ya dukani na magadi yanayotoka ziwani si kitu kimoja, na ya pili hayafai kwa keki. Magadi soda hayakai mahali pa beking pauda kijiko kwa kijiko, maana nguvu yake ni karibu mara tatu na huhitaji uchachu wa kuyaamsha. Yakizidi, keki huwa na ladha ya sabuni. Neno "siagi" nalo lisikudanganye: madukani hutumika kwa siagi ya maziwa na kwa majarini vilevile. Majarini laini ya kupaka mkate ina maji mengi zaidi, na biskuti zilizokusudiwa siagi hutandaa sinia zima zikipikwa kwayo.

Pishi la kigeni likitaka tui la kopo, tui la kwanza peke yake ni zito mno na la pili ni jepesi mno. Changanya mawili hayo mpaka lifunike mgongo wa mwiko. Ukilitia kwenye mchuzi, koroga bila kuacha mpaka lianze kuchemka, la sivyo litakatika. Mapishi ya kigeni yanayoagiza "chemsha kwa nguvu dakika 20" baada ya kutia tui nimeyaona mengi. Hapo mimi huuivisha mchuzi kwanza kwa tui jepesi, kisha nikatia zito mwishoni kwa moto mdogo. Pilipili moja iliyoandikwa kitabuni isibadilishwe na pilipili mbuzi moja nzima. Kipande kidogo kisicho na mbegu kinatosha kwa mwanzo.

Amini dalili, usiamini dakika

Kitabu kizuri hukuambia chakula kitaonekanaje, na ukikuta maelezo ya namna hiyo yashike kuliko saa. Kitunguu ndicho kinachosingiziwa zaidi. Vitabu visivyohesabika huandika kwamba vitunguu vitakuwa vya kahawia kwa dakika tano au saba, nami sijapata kuviona vikifika huko kabla ya dakika 20. Katika dakika ya tano huwa vimelainika tu na bado vinatoa maji. Katika ya 12 hivi kingo zinaanza kupata rangi ya dhahabu. Ni baada ya hapo, sauti ya maji kwenye mafuta inapopungua na harufu inapogeuka kuwa tamu, ndipo rangi ya kahawia inapokuja, nayo huja kwa kasi mpaka huwezi kuondoka jikoni. Anayepika pilau kwa kufuata dakika saba atapata pilau nyeupe isiyo na ladha, kwa sababu rangi na utamu wa pilau hutoka katika vitunguu hivyo kabla ya kitu kingine chochote.

Kuku naye ni vivyo hivyo. Muda wa dakika 40 uliomo vitabuni ni wa kuku wa kisasa. Wa kienyeji huweza kutaka saa moja na nusu au zaidi, na maji ya kuongezea. Mchele wa zamani hunywa maji mengi kuliko mpya, kwa hiyo mara ya kwanza unapofungua mfuko, pika kikombe kimoja tu ujue kiu yake. Ukizidisha pishi la wali mara mbili, maji usiyazidishe mara mbili kamili, kwa kuwa yanayopotea kwa mvuke hayazidi kwa kadiri hiyohiyo.

Andika kitabuni

Kitabu cha mapishi kisichoandikwa kitu hakijatumika. Chukua penseli, na siku hiyohiyo, kabla ladha haijasahaulika, andika pembeni tarehe, ulichogeuza, muda halisi uliotumika, na waliokula walisema nini. Usiandike "tamu" wala "mbaya" peke yake. Andika "chumvi ilizidi, punguza kijiko nusu" au "nyama bado ngumu saa 1, ongeza nusu saa". Pishi lililoshindwa lipewe nafasi ya pili ikiwa unaweza kutaja sababu moja ya kushindwa kwake. Kama huwezi kutaja hata moja, rudia hesabu ya vipimo kwanza, hasa unga na mayai. Likishindwa mara ya tatu, liache, upeleke siagi na mayai yako kwenye ukurasa mwingine.

Likifanikiwa, linakili katika daftari lako kwa gramu na kwa moto wa jiko lako, ili usilazimike kulitafsiri tena. Ukurasa wa keki ya limau katika daftari langu una mistari mitatu chini ya vipimo: "Mara ya 1, kama kitabu, imezama. Mara ya 2, beking pauda vijiko 1½, haikuzama, kavu kidogo. Mara ya 3, maziwa yameongezwa kijiko kikubwa 1, nyuzi 185, dakika 32. Ipikwe hivi."